Mkono Utoao Dawa Usitoe Maradhi

Na Mwandishi Wetu

Ni asubuhi ya Jumatatu katika mji mdogo wa Tanzania, na duka la dawa lililo karibu na kituo cha mabasi limekwisha funguliwa. Msaidizi wa duka, binti wa miaka ishirini na ushee, amekwisha fagia sakafu, amepangusa kioo cha meza na kupanga makopo yake. Wa kwanza kuingia ni mzee mwenye kikohozi. Anaiegemea meza, anakohoa mara tatu mkononi, kisha kwa mkono ule ule anatoa noti iliyokunjwa. Nyuma yake amesimama mama aliyembeba mtoto anayeharisha tangu jana, na nyuma ya mama yupo kijana aliyejifunga kidole kwa kitambaa kilicholoa damu.

Binti anapokea noti, anarudisha chenji, na mzee anaondoka na dawa yake. Sasa ni zamu ya mama. Binti anafungua kopo la vidonge vya homa, anavimimina kiganjani na kuvihesabu kwa kidole. Bahasha ndogo ya dawa imegandamana, haitaki kufunguka. Analamba ncha ya kidole, anaifungua, anaipuliza ndani ili itanuke, kisha anatia vidonge vya mtoto na kumkabidhi mama kwa tabasamu.

Hakuna aliyeshituka. Mama ameshukuru, na binti ameridhika kwamba ametenda kazi yake kwa upole na kwa haraka. Lakini tukiufuatisha mkono wa binti huyo, tutaona kwamba umetoka kwenye noti ya mzee mwenye kikohozi, ukaenda kwenye vidonge vya mtoto mgonjwa, ukapita kinywani mwa binti mwenyewe, kisha ukarudi kwenye bahasha.

Kisa hiki si cha duka moja wala cha binti mmoja. Kila aliyewahi kusimama mbele ya meza ya dawa atakitambua. Ndiyo maana leo tumeona yafaa tuzungumze juu ya kinga katika duka la dawa, mahali ambapo watu huendea tiba bila kukumbuka kwamba maradhi nayo huenda pale pale.

MLANGO WA KWANZA WA MGONJWA

Kwa watu wengi, hasa wa vijijini na wa mitaa iliyo mbali na hospitali, duka la dawa ndilo mlango wa kwanza. Mtu akishikwa na homa usiku, asubuhi huanzia dukani. Akipona, zahanati haimwoni kamwe. Kwa sababu hiyo msaidizi wa duka huonana na ugonjwa mapema kuliko daktari, kabla haujapimwa na kabla haujapewa jina.

Serikali ililitambua jambo hili zamani. Kwa miaka mingi wananchi walitegemea maduka ya dawa baridi, ambayo hayakuruhusiwa kuuza dawa za cheti, na wauzaji wengi hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Mwaka 2003 ulianzishwa mkoani Ruvuma mpango wa maduka ya dawa muhimu, ambao baadaye ulienea katika mikoa mingine. Chini ya mpango huo mtoa dawa hupewa mafunzo, duka hukaguliwa, na baadhi ya dawa za cheti huruhusiwa kutolewa. Hatua hiyo iliwapa wananchi huduma iliyo bora zaidi karibu na nyumbani. Lakini iliongeza pia uzito juu ya mabega ya msaidizi, kwa kuwa duka linapoaminiwa zaidi ndipo wagonjwa wanapozidi kulijia.

Homa nayo haina jina usoni. Mwezi Machi mwaka 2023 mkoa wa Kagera ulipatwa na ugonjwa wa Marburg. Katika siku zake za kwanza ugonjwa huo huanza kwa homa kali, kuumwa kichwa na uchovu, dalili ambazo mtu yeyote angezidhania kuwa ni malaria. Watu 9 waliugua na 6 kati yao walifariki, na miongoni mwa waliougua walikuwamo watumishi wa afya. Funzo la msiba ule ni kwamba mtu hawezi kungoja ajue ugonjwa ndipo ajikinge. Kinga lazima iwe desturi ya kila siku na kwa kila mteja, awe mgeni au jirani, awe amevaa matambara au tai.

FUNZO LA MWAKA 1847

Wako watakaosema, “Tumehesabu dawa kwa mikono miaka yote, na hakuna aliyekufa.” Neno hili si jipya, na waliolisema zamani walikuwa wasomi wakubwa.

Katika mji wa Vienna, nchini Austria, alikuwako daktari aitwaye Ignaz Semmelweis. Hospitali yake ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na wakunga, na nyingine na madaktari pamoja na wanafunzi wao. Katika wodi ya madaktari wazazi walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi zaidi kuliko katika wodi ya wakunga, hata akina mama wakawa wanalia wasipelekwe huko. Semmelweis akagundua kwamba madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake. Katikati ya mwezi Mei mwaka 1847 akaamuru kila mmoja aoshe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi Aprili wazazi zaidi ya 18 katika kila 100 walikuwa wamekufa. Mwezi Juni idadi hiyo ilishuka hadi wapatao 2 katika kila 100.

Je, alishangiliwa? La, hasha. Wakubwa wengi wa taaluma yake walimpinga. Wengine waliona ni matusi kuambiwa kwamba mikono ya daktari, mtu mwungwana, yaweza kuua. Semmelweis alifariki mwaka 1865 kabla ulimwengu haujakubali neno lake. Leo hakuna chuo cha tiba kisichofundisha jambo lile alilodharauliwa kwalo.

Twakitaja kisa hiki kwa kuwa kizuizi kikubwa cha usafi si ukosefu wa maji peke yake. Ni fahari na mazoea. Mtu mwema huona vigumu kusadiki kwamba mkono wake wenye nia njema waweza kubeba madhara.

NJIA TATU ZA MARADHI

Maradhi yanayoweza kuambukiza dukani hupita hasa katika njia tatu: mikono, hewa na damu. Msaidizi akizijua njia hizo ataweza kuziziba.

Kwanza ni mikono. Kipindupindu, kuhara damu, minyoo na homa ya matumbo huingia kinywani, na mara nyingi vinavyoviingiza ni vidole. Hivyo kanuni ya kwanza ya duka ni kwamba kidonge kisiguswe na kidole. Siku hizi dawa nyingi huja zikiwa zimefungwa kimoja kimoja kiwandani, na hizo zikatwe kwa mkasi zikiwa ndani ya vifungo vyake. Lakini bado yapo makopo ya vidonge 1,000, na kwa hayo kuna trei ya kuhesabia na kijiko bapa. Vidonge vimiminwe katika trei, vihesabiwe kwa kijiko na kuteremshwa ndani ya bahasha. Kilichoanguka chini hakirudi koponi. Trei nayo ioshwe na kukaushwa, hasa baada ya kuhesabu dawa za jamii ya penisilini, kwa maana unga wake ukibaki waweza kumdhuru mteja mwingine ambaye mwili wake hauipatani dawa hiyo.

Bahasha isilambwe wala isipulizwe. Ikigandamana, isuguliwe kati ya vidole viwili kwa nje, au mdomo wake utanuliwe kwa kijiko safi.

Kunawa mikono ni lazima kabla ya kuanza kazi, kabla ya kushika dawa au kuchanganya dawa ya maji ya watoto, baada ya kutoka msalani, baada ya kukohoa au kupenga kamasi, na baada ya kumhudumia mtu aliyetapika au mwenye jeraha. Maji yawe ya kutiririka, na sabuni ifike migongoni mwa mikono, katikati ya vidole, kwenye vidole gumba na chini ya kucha. Kazi hiyo ikifanywa sawasawa huchukua kama sekunde 40 hadi 60. Kati ya mteja na mteja, ikiwa mikono haina uchafu unaoonekana, kitakasa mikono chenye spiriti chatosha, nacho kisuguliwe sekunde 20 hadi 30 mpaka kikauke chenyewe. Mahali pasipo na bomba, ndoo yenye koki au kibuyu chirizi hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Taulo moja la watu wote, lililotundikwa ukutani tangu mwezi uliopita, hurudisha uchafu ulioondolewa. Ni heri mikono ikauke kwa hewa.

Neno moja juu ya glavu. Glavu si ngozi mpya. Mtu akizivaa asubuhi, akapokea fedha, akajikuna shavu na kuhesabu dawa kwa glavu zile zile, amejilinda ngozi yake tu, na huenda akanawa kidogo kuliko asiyezivaa. Glavu ni za kazi moja, kisha hutupwa na mikono hunawiwa.

Lipo pia jambo la kikombe. Katika maduka mengi kuna kikombe kimoja cha maji ambacho wateja humezea dozi ya kwanza. Ni ukarimu, lakini ukarimu huo hupita midomo ishirini kwa siku. Kikombe kisichooshwa kwa sabuni baada ya kila mtu ni afadhali kiondolewe.

KIKOHOZI NA HEWA

Njia ya pili ni hewa. Mafua, surua, korona na kifua kikuu huenea mtu akohoapo, apigapo chafya, hata azungumzapo karibu. Duka dogo lisilo na dirisha, lenye watu wanane wanaosukumana mezani, ni mahali pazuri mno kwa maradhi hayo.

Dawa yake ya kwanza haina gharama: fungua dirisha na mlango, hewa ipite. Ya pili ni kumwomba mwenye kikohozi afunike kinywa kwa kitambaa, kwa barakoa, au kwa kiwiko cha mkono uliokunjwa. Ya tatu ni kumhudumia mapema ili asikae muda mrefu miongoni mwa wengine. Wapo wanaoona aibu kumwambia mtu mzima maneno hayo. Lakini kuna namna ya kuyasema. Msaidizi akisema, “Shikamoo mzee, pole kwa kifua, karibu upumzike hapa barazani penye hewa, nakuletea dawa,” amemstahi mzee na amewakinga watu wote.

Isitoshe, msaidizi asichoke kuuliza: kikohozi hiki kina muda gani? Kikifika wiki mbili au zaidi, kazi si kuuza chupa nyingine ya dawa ya kikohozi. Kazi ni kumwelekeza mgonjwa kituoni akapimwe kifua kikuu. Hapa nchini vipimo na matibabu ya ugonjwa huo hutolewa bure katika vituo vya serikali, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Kila wiki ambayo mgonjwa anazungushwa kwa chupa za sharubati ni wiki ya kuwaambukiza watoto walalao chumba kimoja naye. Mwenye duka aweza kuhisi amepoteza mauzo, lakini kwa kumwelekeza mgonjwa mmoja amekinga nyumba nzima.

DAMU SI YA KUCHEZEWA

Njia ya tatu ni damu. Hapa ndipo huruma humponza msaidizi. Kijana aliyekatika kidole huomba afungwe, mwingine huja na dawa ya sindano akiomba achomwe “mara moja tu.” Duka la dawa si zahanati. Kuchoma sindano na kushona majeraha si kazi ya mtoa dawa. Mwenye jeraha apewe pamba au kitambaa safi, akandamize mwenyewe, aelekezwe kituo kilicho karibu.

Damu ikidondoka mezani au sakafuni, isifutwe kwa mkono mtupu. Msaidizi avae glavu, afunike damu kwa kitambaa, amwagie maji ya klorini yenye nguvu ya asilimia 0.5 na kungoja dakika 10 kabla ya kufuta. Maji hayo hutengenezwa kwa dawa ya kung'arishia nguo, ambayo wengi huiita jiki. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, kipimo kimoja huchanganywa na vipimo sita vya maji safi. Yachanganywe mapya kila siku, maana klorini hupotea nguvu, na yasitiwe kwenye kidonda.

Sindano zilizotumika zisipokewe kiganjani, zisirudishiwe vifuniko vyake, wala zisitupwe jalalani wanakochezea watoto. Ziingizwe katika kisanduku kigumu kisichotoboka, na kisanduku kipelekwe kituoni kikateketezwe. Ikitokea msaidizi amechomwa, aoshe mahali hapo kwa maji yatiririkayo na sabuni, asikamue, kisha akimbilie kituo cha afya siku ile ile. Dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya ukimwi zapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, na muda haupaswi kupita saa 72. Kirusi cha homa ya ini aina ya B nacho huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Dhidi ya hicho ipo chanjo, na kwa kawaida mtu mzima huchanjwa mara tatu. Ni vema kila atoaye dawa aitafute.

MGANGA HAJIGANGI?

Wahenga walisema mganga hajigangi. Lakini katika jambo hili lazima ajigange, tena awe wa kwanza. Binti tuliyemwona asubuhi hurudi nyumbani jioni. Anapofika mlangoni mwanawe wa miezi tisa humkimbilia kwa magoti, akitaka anyonye hapo hapo. Mama huyo hajala tangu mchana. Mikono iliyogusa noti mia na makopo arobaini inamnyanyua mtoto na kumtia kidole kinywani kumnyamazisha.

Tunamsihi mama huyo afanye mambo machache. Vazi la kazini livuliwe kazini au mlangoni, lisitumiwe kumbebea mtoto. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya mtoto kushikwa. Chakula kisiliwe juu ya meza ya dawa. Na siku anapoumwa yeye mwenyewe, kwa kuhara au kwa kikohozi chenye homa, abaki nyumbani.

Lakini hapo twafika kwa mwenye duka. Ni rahisi kumwambia msaidizi abaki nyumbani, ilhali anajua kwamba siku asiyofika hailipwi. Ni rahisi kumwambia anawe, na sabuni imekwisha tangu Alhamisi. Mwenye duka ambaye huhesabu kila senti ya sabuni na glavu ajiulize atapata hasara gani siku msaidizi aliyemzoeza atakapolazwa. Trei, ndoo yenye koki, sabuni, kitakasa mikono na kisanduku cha sindano ni vitendea kazi sawa na mizani ya muuza nyama, wala si zawadi kwa mfanyakazi.

WAJIBU WA MTEJA

Nasi wateja tusijitoe. Sisi ndio tunaompigia msaidizi kelele, “Fanya upesi, gari linaniacha!” Sisi ndio tunaocheka anapovaa barakoa. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Hawakungoja daktari. Walielewa kwamba afya hujengwa na mwenye mwili.

Moyo ule ungalifaa hata leo. Mteja anawe anapoikuta ndoo mlangoni. Atoe fedha kwa mkono ambao hakukoholea. Asidai achomwe sindano dukani. Asidai kuuziwa nusu dozi ya dawa ya kuua vijidudu, kwani vijidudu visivyokufa vyote hujifunza usugu, na usugu huo huambukiza hata wasioila dawa ile. Na akiona kidonge chake kinahesabiwa kwa kidole kilicholambwa, aseme kwa upole, “Mwanangu, naomba utumie kijiko.” Hakuna msaidizi mwema atakayechukia, na akichukia leo, kesho atakumbuka.

Turudi, basi, kwenye duka lile kando ya kituo cha mabasi, tuianze upya asubuhi ya Jumatatu. Mzee mwenye kikohozi amekaribishwa barazani, ameulizwa muda wa kikohozi chake, akasema mwezi mzima, na sasa anashika njia kuelekea zahanati. Kijana amekandamiza kidole chake kwa pamba safi na kumfuata. Binti amenawa, amemimina vidonge katika trei, amevihesabu kwa kijiko. Amempa mama dawa ya homa pamoja na chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji na vidonge vya zinki, akamweleza achanganye pakiti ile katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, na anawe kabla ya kumnywesha mtoto.

Yote hayo yamechukua dakika nne au tano zaidi. Gari la mtu mmoja huenda limemwacha. Lakini mtoto amepewa dawa pasipo ugonjwa wa mzee ndani yake, na jioni, mahali pengine mjini, mtoto mwingine wa miezi tisa atapokewa na mikono safi ya mama yake.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Kulamba kidole ni mwiba mdogo sana. Na tuung'oe leo, kabla hatujaanza kutafuta fimbo ya kutembelea.